Kihami cha Mott kwa atomu baridi: namna ya kukifikia na kuhakikisha umekifikia

Kihami cha Mott ni hali ambayo atomu hukwama kila moja mahali pake, kwa kuwa kusukumana kwao kumeshinda uwezo wao wa kuruka. Mwongozo huu unamfaa mwenye kondensati ya Bose-Einstein (gesi baridi mno ambayo atomu zake huenda pamoja kama wimbi moja) ya rubidi-87 na jozi tatu za miale ya leza inayokutana uso kwa uso kuunda latisi ya mwanga, yaani safu za mashimo ya nishati yanayonasa atomu.

Hatua ya 1: Pima kina cha latisi. Washa mhimili mmoja kwa mikrosekunde chache, zima kila kitu, piga picha. Atomu zitagawanyika vifungu vyenye mwendo tofauti. Badili urefu wa mpigo, na mgawanyo wake utakupa kina. Rudia kwa kila mhimili. Kukokotoa kutokana na wati za leza hakutoshi, kwani upana wa mwale pale atomu zilipo haujulikani vizuri.

Hatua ya 2: Pandisha mwanga taratibu. Kundi la Munich lililotangaza matokeo haya mwaka 2002 lilitumia milisekunde 80. Kadiri mashimo yanavyozama, atomu huruka kwenda shimo jirani kwa shida zaidi, na mbili zikikaa shimo moja husukumana kwa nguvu zaidi. Kwa leza ya nanomita 852, mpito wa kuingia kwenye kihami huja kina kinapofika mara 12 au 13 ya nishati ambayo atomu hupata ikirushwa nyuma na fotoni moja.

Hatua ya 3: Piga picha. Zima latisi na mtego, subiri milisekunde 15. Kwenye kina cha 10, kwa kipimo hichohicho cha nishati, utaona vilele vikali vya mwingiliano, dalili kwamba mawimbi ya atomu bado yanaenda pamoja. Kwenye 20, doa moja lililofifia.

Hatua ya 4: Rudisha vilele. Hapa ndipo wengi hujiridhisha mapema. Gesi iliyopashwa joto nayo hutoa doa lilelile! Basi panda hadi 22, kisha shuka hadi 9 ndani ya milisekunde chache. Kihami halisi hurudisha vilele ndani ya milisekunde 4 hivi, takriban muda wa atomu kuruka shimo moja. Fanya pia jaribio la kulinganisha: vuruga awamu za atomu (ulinganifu wa mawimbi yao) kwa mteremko wa uga sumaku, kisha shuka vilevile. Safari hii vilele havirudi hata baada ya milisekunde 14.

Visiporudi hata bila kuvuruga, kagua mtetemo wa nguvu ya leza karibu na kilohezi 60, mara mbili ya masafa ya atomu ndani ya shimo. Huko ndiko joto huingilia kwa urahisi.