SOMO: Kuwapeleka watoto mwaka 2061 bila kutoka darasani

Nimeulizwa hili inbox mpaka nimechoka kuchapa upya, naliweka hapa mara moja, mwenzio akikuuliza mpe hii. Ni la darasa la nne mpaka la sita, vipindi viwili vya kufuatana. Mie niko Tanga, darasa langu lina watoto 84 na linafanyika.

Vitu: kanga, kamba, chaki, karatasi, penseli.

1. Siku moja kabla, kila mtoto akamuulize mtu mzima, mtaani kwao 1986 palikuwaje.

2. Andika 2061 ubaoni. Usiandike 2100 wala "miaka elfu ijayo". Mwaka huo Tanganyika inatimiza miaka 100 ya uhuru, na ndio mwaka ile nyota yenye mkia ya Halley inarudi, mara ya mwisho ilipita 1986. Mtoto akijua kuna kitu cha kweli kinakuja haanzi tena na magari yanayoruka ya kwenye katuni.

3. Wapige hesabu ya umri wao. Aliyezaliwa 2014 anakuwa na 47. Watapiga kelele, waache.

4. Wafumbe macho uwasafirishe kwa maneno. HAPA SOMENI VIZURI. Mara ya kwanza niliwaambia "umefika nyumbani kwenu, fungua mlango, unamuona nani?" Nikaona mtoto mmoja kainamisha kichwa kwenye dawati, nikadhani kasinzia, kumbe analia, analelewa na bibi yake na hesabu ya umri tulikuwa tumetoka kuipiga sasa hivi, kaijumlisha mwenyewe akajua bibi hayupo. Wenzie wawili wakaanza nao. Kipindi kikaishia pale, na jioni nilikwenda kwao kumuomba radhi yule bibi, akanipokea vizuri lakini mie sijasahau. Kwa hiyo: usiwapeleke nyumbani, usiulize nani yupo. Wapeleke mahali pa watu wote, sokoni, bandarini, Raskazone ufukweni. Uliza kuna harufu gani, sauti gani, watu wanauza nini. Na mtoto asiyetaka kufumba macho usimlazimishe.

5. Funga kanga mlangoni kama pazia, watoke nje, waingie kumi kumi. Ukishapita kanga uko 2061, na sharti ni moja, hakuna "ta". Huwezi kusema "kutakuwa na meli", sema "kuna meli, ile pale, inashusha". Akiteleza akasema "kutakuwa" darasa zima linamrudisha nje ya kanga. Hapa ndipo mtoto anaanza kuona, maana akisema "ipo" lazima aiweke mahali, ina rangi gani, nani anaiendesha.

6. Waandike barua kutoka huko. Nusu ukurasa.

MASWALI

Kidali: Mwl hii ni ya darasa la ngapi? Na mie sina projekta
— Mstari wa pili. Projekta sijaitaja popote.

Mpwani77: Sasa hii ipo kwenye mtihani? Au tunapoteza vipindi tu
— Nyakati ziko kwenye mtihani, barua iko kwenye mtihani. Wangu walikuwa wanachanganya "na" na "ta" mwaka mzima, wameacha kwa kanga moja.

Bi Mwanaidi: Mwalimu wangu ahsante. Mmoja wangu kaandika bahari imekula mtaa wao, nimkosoe?
— Usimkosoe dada, ameangalia ufuo wake huyo. Muulize watu wamehamia wapi, nani aliwabebea vyombo. Ukimwambia aandike mazuri tu anakuandikia uongo wa kukufurahisha. Muulize pia nini kimebaki.

Teacher Bwagamoyo: Niko Bagamoyo, naweza kuwapeleka Kaole kwenye magofu badala ya darasani?
— Weee, ningekuwa huko ningefanya hivyo kesho! Waanzie nyuma kwanza. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya Wajerumani, 1891 yakahamia Dar es Salaam, kwa hiyo watoto wako wanaweza kuona kwa macho kwamba mji hupanda na hushuka. Wangu walilijua kwa treni, mmoja kaambiwa na babu yake kuwa 1986 alikuwa anapanda treni ya abiria hapa Tanga mpaka Moshi, darasa halikuamini, wao wanaijua reli ya mizigo tu. Baada ya hapo swali likabadilika lenyewe, wakaanza kuulizana ni nini cha leo ambacho 2061 watu hawataamini kilikuwepo. Mmoja akasema dau la tanga. Kaole waulize hivyohivyo, halafu uniletee majibu hapa nakuomba.

Kidali: Kanga lazima iwe kanga? Shuka je
— Hata gunia.

Fundi Chande: Sio mwalimu ila barua hizo mnazitunza? Mie nina makopo ya maziwa ya unga yenye vifuniko
— Naziweka kaka, nayahitaji hayo makopo. Ndio maana nimesema penseli, wino wa peni kwa unyevu huu wa pwani unasambaa, penseli inabaki. Zikauke juani kwanza na kopo lisikae chini, mchwa.

Fundi Chande: Jumatatu nakuletea sita