Una watoto wadogo? Jiandae na majanga kwa vitu vilivyomo ndani tayari

Mi nilikuwa na begi la dharura zuri tu, nimelipanga kwa kufuata orodha moja ndefu, nikaliweka juu ya kabati nikatulia. Jioni moja nikaamua kulijaribu, nikazima swichi kubwa ya nyumba nikawaambia watoto leo tunajifanya kuna kimbunga, na ndani ya dakika kumi nikajua sina kitu. Tochi betri zimevuja, nepi zilizomo ni za mtoto wa miezi sita na mwenyewe sa hivi anakimbia, biskuti nilizochagua mdogo akazitema zote, halafu kulishusha begi lenyewe gizani huku umebeba mtoto mkono mmoja ni sarakasi. Vilivyotuokoa usiku ule ni vitu ambavyo hata havikuwa kwenye begi: shuka, sufuria, chupa tupu, magazeti ya zamani. Ndo nikaanza upya, safari hii kwa vitu vya ndani.

Kanuni yangu imebaki moja. Kitu chochote cha dharura kiwe mtoto ameshakiona, ameshakishika na ameshakitumia siku ya kawaida, maana mtoto wa miaka miwili akiwa na hofu hakubali kitu kigeni, hata kiwe kizuri vipi. Kikombe chake anakijua, blanketi lake analijua, tochi mpya inayotoa mwanga mkali usoni haijui na ataililia. Kwa hiyo kila nitakachosema hapa chini kijaribuni kwanza mkiwa na raha zenu, jumamosi mchana.

Tuanze na maji, hapa nitakaa kidogo. Kadiria lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa na usafi mdogo mdogo, angalau za siku 3, yaani familia ya watu wanne inataka kama lita 48, na mama anayenyonyesha mwongezee. Chupa za soda zilizooshwa vizuri zinafaa sana. Zilizokuwa na maziwa au juisi achana nazo, mabaki yake hayatoki yote na bakteria wanazaliana humo, na dumu lililowahi kukaa mafuta ya taa au dawa ya wadudu usilifikirie hata. Mkisikia tahadhari ya kimbunga au mafuriko jazeni kila kitu kinachoshika maji, masufuria, mabeseni, mapipa, ILA mkiwa na mtoto anayetambaa au aliyeanza kutembea kumbukeni anaweza kuzama kwenye maji ya sentimita 5 tu, na ndoo ni mbaya zaidi kwa sababu kichwa chake ni kizito, akiinama akatumbukia hawezi kujitoa. Kila ndoo mfuniko wake, beseni lisilo na mfuniko liende chumba kinachofungwa mlango.

Kubeba maji kutoka mbali huku una mtoto ndo mtihani. Chukua begi la mgongoni, hata la shule, weka ndani mifuko miwili mipya ya takataka mmoja ndani ya mwingine, mimina maji, kaza fundo, vaa mgongoni. Mikono yote miwili imebaki huru kumshika mtoto. Ila usijaze, lita 10 ni kilo 10 na unatembea nazo.

Kama maji huyaamini, yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima, na kama mnaishi juu sana, zaidi ya mita 2,000, iwe dakika 3. Huna moto? Ile dawa ya klorini ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala sabuni, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 6, matone 2 kwa lita, koroga, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa halafu weka matone 4. Na huna dawa pia? Chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijaze maji maangavu uilaze juani masaa 6, kukiwa na mawingu mengi siku 2. Hizi njia zote zinaua vijidudu tu, maji yenye harufu ya petroli au kemikali hayaponi kwa chochote hapo, yamwage.

Mtoto mchanga. Anayenyonya aendelee kunyonya, mama akishtuka maziwa yanaweza kuchelewa kushuka lakini hayajakauka, mwache mtoto anyonye mara kwa mara yatarudi. Anayetumia maziwa ya unga, tatizo si unga, tatizo ni chupa, ile chuchu yake ina vipenyo vingi na bila maji ya kutosha huisafishi vizuri. Hapo tumia kikombe kidogo cha kawaida. Najua wengi mtashangaa ila hata mtoto wa siku chache anaweza kunywa kwa kikombe: mkalishe wima wima mapajani, gusisha ukingo wa kikombe kwenye mdomo wa chini, inamisha mpaka maziwa yafike mdomoni, halafu mwache ayarambe mwenyewe. USIMMIMINIE. Jaribu mara mbili tatu nyumbani, mara ya kwanza nusu inaishia kwenye nguo yako, ni kawaida.

Nepi zikiisha: chukua mfuko laini wa plastiki wenye mikono, ule wa kubebea vitu vya dukani. Kata kila mkono pale juu katikati, halafu chana mbavu zote mbili kutoka juu mpaka chini, ukiutandaza unapata karatasi ndefu yenye kamba mbili kila upande. Kunja taulo au fulana ya zamani weka katikati, mlaze mtoto juu yake, pitisha katikati ya miguu kisha funga kamba za mbele na za nyuma kiunoni, kulia na kushoto. Plastiki haipumui kwa hiyo usikaze mapajani na badilisha kila mara, la sivyo ataungua vipele. Kama hakuna plastiki, taulo na kaptula inayobana juu yake itakufikisha mahali. Na nikiwa hapo hapo kwenye plastiki, mfuko wowote ambao hautumiki ufiche mtoto asiufikie, wala usimlaze mtoto na mfuko hata kama ni wa kumkinga na mvua, akiuvuta usoni anakosa hewa.

Mwanga. Mishumaa mimi nimeitoa kabisa, kuna mtoto ndani, kuna mapazia, kuna giza, sihitaji kueleza zaidi. Badala yake simamisha tochi ndani ya glasi ikiangalia juu, juu yake weka chupa ya plastiki yenye maji, mwanga unatawanyika chumba kizima. Ukidondoshea maziwa kidogo kwenye yale maji unakuwa laini zaidi, haumuumizi mtoto macho. Simu pia inafanya, ilaze taa ikiangalia juu, chupa juu ya taa, ila chaji ya simu utaihitaji kuwasiliana kwa hiyo iwe ya mwisho. Sasa hapa ndo pa kufanya mchezo: kila mwezi usiku mmoja zimeni taa, tengenezeni taa ya chupa pamoja, chezeni vivuli vya mikono ukutani, kula humo humo. Wangu mkubwa sa hivi umeme ukikatika anashangilia, anakimbilia chupa yake. Huwezi kununua hiyo dukani.

Baridi: magazeti. Kunja karatasi kadhaa uzipitishe kati ya fulana na sweta, tumboni na mgongoni, zinashika joto kweli kweli. Miguu ya mtu mzima unaweza kuiingiza ndani ya mfuko mkubwa uliojaa magazeti yaliyofinyangwa finyangwa, mtoto mdogo yeye mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mjifunike blanketi moja wote. Na tafadhali, jiko la mkaa au jenereta lisiingie ndani hata kuwe na baridi gani, hata dirisha likiwa wazi. Ile hewa ya sumu haina harufu, watu wanalala hawaamki.

Viatu. Baada ya tetemeko au kimbunga sakafu inajaa vioo, na watu wengi wanajikata miguu wakiwa wanakimbilia kwa watoto. Weka viatu vyako na vya mtoto kwenye mfuko, funga mfuko kwenye mguu wa kitanda ili visirushwe mbali, ndani yake tia na tochi ndogo. Umemaliza.

Tukiwa chumbani, angalia ukutani juu ya kitanda cha mtoto. Kuna nini? Picha yenye kioo, rafu, televisheni? Shusha. Kabati la droo lifungwe ukutani, vizito viende droo za chini, hii haihitaji hata tetemeko maana watoto wanapanda droo kama ngazi na kabati linawaangukia. Ardhi ikianza kutikisika ni kuinama chini, kuingia chini ya meza imara, kufunika kichwa na kushikilia mguu wa meza. Ukiwa na mtoto mchanga mkumbatie kifuani ujikunje juu yake. Ikiwakuta kitandani bakini hapo hapo mfunike vichwa kwa mito. Wadogo tunawafundisha kama mchezo wa kobe, ukisema "kobe!" wote chini, magoti na mikono sakafuni, kichwa ndani.

Moto ni tofauti, na hapa watoto wana tabia mbaya sana, wanajificha. Chini ya kitanda, ndani ya kabati, wanaona kama wamejiokoa. Kwa hiyo msiishie kusema "moto hatari", wafundisheni kutambaa chini ya moshi hadi nje na wasirudi kwa ajili ya mdoli wala nini, na waone picha ya mzimamoto akiwa amevaa barakoa ili asiwatishe akija. Watoto wanashika kuliko tunavyodhani. Desemba 26, 2004 kule Phuket, Thailand, binti wa Kiingereza wa miaka 10 anaitwa Tilly Smith aliona bahari inatoa povu na kufanya vituko akakumbuka somo la jiografia la wiki mbili nyuma, akawang'ang'ania wazazi kwamba ni tsunami, ufukwe ukahamwa kabla wimbi halijafika.

Kuondoka kwa miguu: kigari cha mtoto sahau, kwenye vifusi na tope hakiendi. Mbeleko au shuka imara, mtoto mgongoni au kifuani, na mfanye mazoezi na baba pia, maana siku hiyo anaweza kuwa yeye ndo yuko na mtoto. Msivuke maji yanayokwenda kasi, sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima, na wewe una mtoto mgongoni. Andika jina la mtoto na namba mbili za simu kwa kalamu ya wino usiofutika, mkononi kwake au kwenye kitambaa ulichoshonea ndani ya nguo, ndani jamani sio nje, asije mtu asiyejulikana akamwita kwa jina. Piga picha mkiwa wote pamoja uiprinti, simu ikizima utamtafuta kwa picha ipi? Namba ya simu watoto wanaishika wakiimbiwa, chagueni wimbo wowote. Moja ya hizo namba iwe ya ndugu anayeishi mbali, mtandao ukielemewa meseji inapita pale ambapo simu haipiti. Filimbi moja kwa kila mtoto, kupuliza mara tatu ni kuomba msaada.

Choo: ndoo, mifuko miwili ndani, chini magazeti yaliyochanwa au maranda au jivu, kila mtu akimaliza anaongeza jivu. Mtoto atumie kipoti chake mwenyewe kilichovishwa mfuko.

Akianza kuhara na huna zile pakiti za ORS za kurudisha maji mwilini, maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 vya kusawazisha, chumvi NUSU kijiko kidogo, usizidishe chumvi. Mpe kijiko baada ya kijiko, akitapika subiri dakika 10 uendelee taratibu. Macho yakizama, hakojoi, amelegea, hapo si pa kuhangaika nyumbani tena, mpeleke hospitali. Akiungua, maji ya bomba ya baridi dakika 20, si barafu, si dawa ya meno, kisha ile nailoni ya kufunikia chakula ilaze juu ya kidonda bila kuizungusha ikakaza.

Chakula sitasema mengi, wekeni mnachokula siku zote kisichohitaji kupikwa, kila mkila cha mbele mnarudishia kipya nyuma. Asali usimpe aliye chini ya mwaka mmoja hata kwa kumbembeleza. Friji isipofunguliwa funguliwa inashika ubaridi kama masaa 4, friza iliyojaa kama masaa 48, kwa hiyo mwambie na yule mkubwa aache kuchungulia.

Begi langu bado lipo, limeshuka kutoka juu ya kabati, sa hivi linaning'inia nyuma ya mlango wa kutokea. Nalifungua siku ya kuzaliwa ya mdogo na tena miezi sita baadaye, namvisha kila kilichomo, viatu, nepi, sweta, kisichomtosha kinatoka. Betri zinakaa nje ya tochi, kwenye soksi.