Umeumia kazini: kuandaa madai ya fidia hatua kwa hatua

Madai mengi ya fidia huharibikia kwenye karatasi ya kwanza kabisa, ile ya hospitali. Mgonjwa anaulizwa kimetokea nini, anajibu "nimeanguka", na daktari anaandika hivyohivyo. Miezi ikipita, bima inauliza: ameanguka wapi, kazini au nyumbani? Hapo unaanza kubishana na maneno yako mwenyewe.

Hatua ya 1: Maelezo kwa daktari. Taja kazi uliyokuwa ukifanya, mahali, saa na kifaa. Kwa mfano: "Nilikuwa nashusha magunia ghalani kazini, gunia likanielemea, kiuno kikashtuka, ganzi ikashuka mguu wa kushoto." Taja kila panapouma, hata kidogo. Bega ambalo halikuandikwa siku ya kwanza ni kazi kubwa kuliingiza baada ya miezi mitatu. Kama kiuno kilikuwa kinasumbua tangu zamani, usifiche. Katika nchi nyingi ajali iliyozidisha tatizo la zamani inaweza kulipiwa. Kuficha ndiko kunakoua madai, kwa sababu faili la zamani huwa linapatikana.

Hatua ya 2: Taarifa kwa mwajiri. Iandike siku hiyohiyo ikiwezekana, nakala mbili. Anayepokea aandike jina, tarehe na saini kwenye nakala yako. Akikataa, itume kwa njia inayoacha ushahidi wa kupokelewa. Kumwambia msimamizi kwa mdomo hakutoshi, maana wasimamizi huhama na husahau. Maneno machache yanatosha:

"Naarifu kwamba tarehe … saa …, nikiwa kazini kwenye karakana, msumeno wa meza ulinikata vidole viwili vya mkono wa kulia. Kinga ya msumeno haikuwepo. Walioshuhudia ni … na …. Nimetibiwa …"

Usiongeze "kwa uzembe wangu", wala usimtukane mtu. Tangu sheria ya Ujerumani ya mwaka 1884, msingi wa fidia ya kazini umekuwa kwamba mfanyakazi halazimiki kuthibitisha kosa la mwajiri, na kuteleza kwake kwa kawaida hakumnyimi haki. Kinachoweza kumnyima ni kujiumiza makusudi, na katika nchi nyingi ulevi.

Kumbuka kuna muda wa aina mbili: wa kumpa mwajiri taarifa, ambao huwa mfupi, na wa kufungua madai, ambao huwa mrefu zaidi. Ulizia yote miwili mapema. Mwajiri akisema "tutalimaliza ndani kwa ndani", muda bado unahesabika.

Hatua ya 3: Ushahidi. Piga picha ya mashine kabla haijatengenezwa. Chukua ratiba ya zamu na namba za simu za mashahidi. Kusanya hati za mshahara za miezi 12, zikiwemo za saa za ziada, kwa sababu malipo kwa kawaida ni sehemu ya kipato chako. Saa za ziada zisipoonekana, unalipwa pungufu.

Hatua ya 4: Daftari. "Naumwa sana" haimsaidii anayepima ulemavu. Andika unachoweza na usichoweza: "Nimesimama dakika 15, mguu ukafa ganzi. Ndoo iliyojaa siinui. Usiku nimeamka mara tatu."

Hatua ya 5: Upimaji wa ulemavu wa kudumu. Usiukimbilie. Ufanyike hali ikishatulia, matibabu yakiwa hayatarajiwi kuleta nafuu kubwa zaidi. Ukipimwa mapema, madhara yatakayojitokeza baadaye hayamo kwenye asilimia ya ulemavu utakayopewa. Uliza pia asilimia inapimwa kwa jedwali la viungo (linalopangia kila kiungo asilimia yake) peke yake au kazi yako inazingatiwa, maana kidole kilekile kina uzito tofauti kwa fundi cherehani na kwa mlinzi.

Kwenye chumba cha upimaji usizidishe maumivu. Daktari anaweza kukuinua mguu ukiwa umelala, kisha baadaye akaunyoosha ukiwa umekaa, kama anakagua goti tu. Majibu yakipishana sana, anaandika, na kila ulichosema kinatiliwa shaka.

Hatua ya 6: Kabla ya kusaini. Kukiri umepokea pesa ni jambo moja. Kukubali kwamba hutadai tena ni jambo jingine, na mara nyingi yote yamo kwenye ukurasa mmoja. Omba nakala uende nayo kwa anayejua sheria.

Maswali ya wanachama

*Sina mkataba wa maandishi. Naweza kudai?*

Jaribu. Ajira huthibitishwa pia kwa hali halisi: nani alikupangia saa, vifaa vya nani, nani alikulipa. Ujumbe wa simu wa kukuita kazini ni ushahidi, usiufute.

*Masikio yameharibika polepole kiwandani. Sina tarehe ya ajali.*

Huo ni ugonjwa utokanao na kazi. Upungufu wa kusikia kwa ajili ya kelele umo kwenye orodha ya Shirika la Kazi Duniani iliyorekebishwa mwaka 2010. Katika nchi nyingi muda huanza kuhesabiwa ulipojua ugonjwa na chanzo chake. Omba kipimo kinachoonyesha unavyosikia kila masafa, yaani sauti nene hadi nyembamba: madhara ya kelele kwa kawaida hupiga masikio yote mawili na huanza karibu na hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha masafa), yaani kwenye sauti nyembamba. Andika waajiri wako wote na miaka uliyokaa kwa kila mmoja.

*Mume wangu amefia kazini. Wakwe wanasema fidia iingie kwenye mirathi.*

Pole sana dada. Katika sheria nyingi fidia ya kifo kazini ni ya wategemezi, yaani waliokuwa wakiishi kwa kipato chake, si mali ya marehemu ya kugawanywa. Andaa cheti cha ndoa, vyeti vya watoto na cheti cha kifo. Kama chanzo cha kifo kina utata, omba uchunguzi wa mwili kabla ya mazishi.

*Madai yangu yamekataliwa. Nianze upya?*

Hapana, kata rufaa. Tunza barua na bahasha yake, kwa kuwa tarehe ndiyo inayohesabika. Jibu kila sababu waliyotoa kwa karatasi mpya. Kama daktari aliandika "inawezekana ni kazi", mrudie umuulize kama, kwa utaalamu wake, yaelekea zaidi ni kazi kuliko sababu nyingine. Akiona ndivyo, aandike hivyo na aeleze kwa nini.