Mbuzi na mihogo ya kuanika: ishara kwanza, maji baadaye

Jamani, sisi wa Ujiji tunaoanika mihogo uani, tuache kumchapa mbuzi tukimkuta keshakula na kuondoka. Fimbo ya dakika tano baadaye haiungani na mihogo kichwani mwake. Anachojifunza ni kukukimbia wewe, na jioni kumrudisha bandani inakuwa kazi.

Kaa karibu na turubai, kopo la maji mkononi. Akinyoosha shingo, kabla mdomo haujagusa kipande, sema "Shii!" mara moja. Hesabu moja, mbili, kisha mrushie maji usoni. Lakini akirudi nyuma kwa "Shii!" tu, usimmwagie hata tone. Somo lote liko hapo: anagundua kuwa kurudi kwake ndiko kunakozuia maji. Ukimmwagia na ametii, umeharibu kila kitu.

Jike langu la madoa siku ya tatu lilikuwa likisikia "Shii!" linageuza masikio na kuondoka lenyewe.

Mwaka 1953 watafiti wa Marekani, Solomon na Wynne, walizima taa sekunde 10 kabla ya kuwapiga mbwa shoti ya umeme. Mbwa wakazoea kuruka kizuizi mapema, na wakaendelea kuruka hata umeme ulipoondolewa kabisa. Umeme ni ukatili. Kwetu maji yanatosha.

Ila ukitoka, mfunge kamba. Amejifunza "Shii!" yako, na usipokuwepo hakuna wa kuisema.