Kupima na Kutibu Bega kwa Altrasaundi
Wengi wanaokuja na maumivu ya bega hapa Kisumu ni watu wa kazi za mikono: wavuvi wa Dunga wanaovuta nyavu alfajiri, wapasua mbao, na waendesha bodaboda walioangukia mkono. Aliyeanguka apigwe eksirei kwanza, kwa sababu altrasaundi haipenyi mfupa. Picha ikionyesha mifupa mizima na bado mkono haupandi, hapo ndipo inapofaa kuzitazama kano, yaani nyuzi imara zinazounganisha misuli na mifupa.

Mketishe mgonjwa kwenye stuli, umpake jeli ya kutosha, na utumie proba (kifaa cha mashine kinachoshikwa mkononi na kupitishwa juu ya ngozi) bapa ya megahezi 7 hadi 15. Anza mbele, kiganja chake kikiwa kimelazwa chali juu ya paja, uitafute kano ndefu ya baisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, ndani ya mfereji wake. Kisha abane kiwiko ubavuni na kuuzungusha mkono nje, ili kano ya subskapularisi, msuli ulio mbele ya mfupa wa bega, ijitokeze. Kwa supraspinatasi, kano ya juu ya bega ambayo huchanika kuliko zote, aweke kiganja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali. Kano za nyuma huonekana vizuri akishika bega la pili.

Hapa naomba uvumilivu, kwa kuwa ndipo makosa mengi hutokea. Kano nzima hung'aa kwa nyuzi zilizolala sambamba, lakini mawimbi yasipoipiga wima huonekana nyeusi, mithili ya iliyochanika. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwanagenzi, niliwahi kuandika kwamba kano ya mvuvi mmoja ilikuwa imechanika. Mwalimu wangu aliiinamisha proba kidogo tu, na lile doa jeusi likatoweka. Kwa hiyo inamisha proba huku na huku, tazama kano kwa urefu na kwa upana, kisha linganisha na bega lisilouma. Doa likibaki kwa urefu na kwa upana pia, hasa uso wa kano ukiwa umebonyea, una sababu ya kuamini kwamba imechanika. Chembe nyeupe zenye kivuli nyuma yake ni chokaa.

Kijana ambaye kano yake imekatika kabisa baada ya kuanguka apelekwe kwa daktari wa upasuaji wa mifupa mapema, kwani msuli ambao kano yake imekatika hujikunja na kujaa mafuta. Kwa wengine wengi, mazoezi chini ya mtaalamu wa tiba ya viungo ndiyo msingi wa matibabu.

Sindano ina nafasi yake pale ambapo kifuko cha majimaji kilicho juu ya supraspinatasi kimevimba, nayo idungwe na aliyefunzwa tu, baada ya kusafisha ngozi na kuhakikisha hakuna maambukizi. Ingiza sindano sambamba na urefu wa proba ili uione yote hadi nchani. Ncha ikiwa ndani ya kifuko, dawa, kwa kawaida lignokeini (dawa ya ganzi) pamoja na triamsinoloni (steroidi ya kupunguza uvimbe) miligramu 40, huingia bila kukinzana na kifuko hutanuka mbele ya macho yako. Ukihisi ukinzani, usisukume, kwa kuwa huenda umo ndani ya kano. Mwenye kisukari aambiwe mapema kwamba sukari yake inaweza kupanda kwa siku kadhaa.

Baada ya dakika kumi hivi, mwombe auinue mkono tena. Ukipanda bila maumivu, umejua kwamba chanzo ni kifuko kile, na hilo uliandike kwenye faili lake kabla hajaondoka.