Namna ya Kuchunguza Kito cha Kale Chenye Picha ya Hekaya za Kigiriki

Mtu anayeoneshwa kito cha kale chenye picha ya shujaa Herakles au mungu wa kike Athena huvutwa kwanza na uzuri wa picha, na uzuri huo umewapoteza wanunuzi wengi, wakiwemo wenye fedha na elimu. Kwa hiyo ni vyema kuanza na namna jiwe lilivyochongwa, kisha hekaya yenyewe, halafu historia ya umiliki. Maneno ya muuzaji yasubiri hadi mwisho.

Picha iliyochimbwa kuingia ndani ya jiwe huitwa intalio. Kwa Wagiriki na Warumi ilikuwa muhuri, ambao mwenye pete aliukandamiza kwenye nta au udongo laini ili kufunga barua au kulinda mali yake. Picha iliyoinuka juu ya uso wa jiwe huitwa kameo, nayo ilikuwa pambo. Aghalabu ilichongwa katika sardoniki, jiwe lenye matabaka ya rangi, fundi akiliacha tabaka jeupe liwe umbo na lile la kahawia libaki nyuma yake.

Intalio isomwe kwenye chapa yake, si kwenye jiwe. Chukua udongo laini wa kufinyangia, kandamiza kito taratibu, kisha uiangalie chapa chini ya mwanga unaotoka upande mmoja. Usitumie lakiri ya moto, kwa kuwa joto linaweza kulipasua jiwe lenye ufa. Shujaa aliyeonekana ameshika upanga kwa mkono wa kushoto sasa ataushika kwa mkono wa kulia, na jina lililoonekana kinyume kwa kawaida litasomeka sawasawa. Kito chenye nyufa, au cha kioo kilichoanza kubanduka, kisikandamizwe kabisa. Kipigwe picha tu.

Wahusika hutambuliwa kwa vitu wanavyobeba: ngozi ya simba na rungu ni vya Herakles, kofia ya vita na ngao ni vya Athena, kofia yenye mabawa ni ya Hermes, mjumbe wa miungu, na msichana aliyepanda fahali ni Europa. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni akiki iliyochongwa na fundi wa kale aitwaye Felix, ambayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Ashmolean, Oxford. Ndani ya jiwe lisilofikia upana wa sentimita 4, Diomedes, shujaa wa Kigiriki katika vita vya Troya, anashuka kwenye madhabahu akiwa na sanamu ndogo ya Athena iliyoibwa katika mji huo, naye Odysseus, shujaa mwenzake aliye mbele yake, ananyosha mkono kuelekea kwa mlinzi aliyeuawa. Mlinzi huyo haoneshwi mwili mzima. Felix ameonesha miguu yake tu, na mauaji yanaeleweka. Jina la fundi na la mwenye kito, Calpurnius Severus, yamo kwa herufi za Kigiriki.

Sasa tumia lenzi inayokuza mara 10. Akiki na amethisto zina ugumu wa takriban 7 katika kipimo cha Mohs, kinachopima ugumu wa mawe kuanzia 1 hadi 10, hivyo chuma peke yake hakiwezi kuzichonga. Mafundi wa kale walitumia keke yenye ncha zilizopakwa mafuta na unga wa mawe magumu zaidi, ukiwemo ule uliotoka kisiwa cha Naxos, Ugiriki, na unga huo ndio uliokata. Kazi ya namna hiyo huacha mifereji ya mviringo na vishimo vidogo kwenye viungo vya mwili, ilhali mistari myembamba iliyolingana mno inatia shaka ya mashine ya kisasa. Mikwaruzo ya juu isikuridhishe haraka: wakusanyaji wa Ulaya wamesimulia tangu zamani kwamba waghushi waliwalisha bata mzinga vito vipya ili firigisi zao zivichakaze. Viputo vya hewa huonesha kuwa ni kioo, lakini kioo si ushahidi wa ughushi, kwa sababu Warumi wenyewe walimimina vito vya kioo katika kalibu.

Kito kinachojieleza kupita kiasi ndicho cha kuogopwa zaidi. Mwanamfalme wa Poland, Stanisław Poniatowski, aliyefariki mwaka 1833, alikusanya vito vipatavyo 2,500, na vingi kati yake vilichongwa na mafundi wa zama zake, vikiwa na matukio adimu kutoka kwa washairi wa kale Homer na Ovid pamoja na saini za mafundi wa kale. Viliponadiwa London mwaka 1839, shaka ilikuwa imeshaenea. Leo vito hivyo vinathaminiwa kama sanaa ya karne ya 19, na kwa haki, maana ni kazi nzuri sana. Lakini ukiona jiwe kubwa, wahusika wengi na saini maarufu pamoja, anza na dhana kwamba ni la zama za Poniatowski, si la kale.

Mwisho, dai karatasi zinazoonesha mahali kito kilipokuwa kabla ya 1970, mwaka wa mkataba wa UNESCO dhidi ya biashara haramu ya mali za kale. Ukikimiliki, andika uzito, vipimo, rangi na kila pengo la ukingoni, upige picha ya jiwe pamoja na chapa yake. Makumbusho ya British Museum, London, ilipotangaza mwaka 2023 kwamba vitu vyake vipatavyo 2,000, vikiwemo vito vya kuchongwa, vimepotea, vimeibwa au vimeharibiwa, kuvitafuta kulikuwa kugumu kwa sababu vingi havikuwa na kumbukumbu kamili wala picha.