Kabla Hujapiga Picha Nyumba ya Mtu

Nyumba iliyonifundisha iko Jinja, hatua chache kutoka Main Street. Ina baraza la nguzo nne, na juu ya mlango umechongwa mwaka ilipojengwa. Niliipiga picha nikiwa barabarani, jua la asubuhi limeiangaza usoni, nikaiweka mtandaoni kwa sababu ni nzuri. Miezi mitatu baadaye dalali nisiyemjua aliichukua picha ile akatangaza kwamba nyumba inauzwa. Watu wakawa wanagonga geti wakitaka kuoneshwa vyumba. Mwishowe mama anayeishi pale akaandika ukutani kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI. Kila nikipita nayaona maandishi hayo, na najua chanzo chake ni mimi.

Ukitaka kufanya kazi hii Uganda, ijue kwanza hofu ya unayemwendea. Mwaka 1972 Waasia walipewa siku 90 waondoke nchini, na nyumba zao zikashikwa na watu wengine. Mwaka 1982 ikatungwa sheria ya kuwawezesha wenyewe kurudishiwa. Kwa hiyo mgeni mwenye kamera mbele ya nyumba ya zamani anaweza kudhaniwa ametumwa na mdai. Huko Buganda, mwenye kibanja, yaani kipande cha ardhi anachokikalia bila hati, anakaa juu ya ardhi ya mailo, aina ya umiliki wa kudumu, ambayo hati yake iko kwa mtu mwingine. Akikuona unapimapima kwa lenzi anawaza kufukuzwa.

Siku ya kwanza kamera ibaki kwenye mfuko. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ujitambulishe, useme unapokaa na unachokitafuta. Yeye anakufungulia kijiji tu. Ua wa mtu hana mamlaka ya kukufungulia, hata akikuambia "piga tu, hakuna shida".

Getini piga hodi, usubiri nje. Mimi husema hivi: "Hamjambo, Hajati? Mimi ni mpiga picha, nakaa Walukuba. Nimependa baraza lenu. Naomba kulipiga picha, niiweke kwenye ukurasa wangu huu hapa." Halafu namwonesha ukurasa wenyewe kwenye simu, aone picha za nyumba nyingine na maoni ya watu chini yake. Hapa ndipo nilipokosea mwanzoni. Nilidhani ruhusa ni ya kubonyeza kitufe. Mtu anakubali picha iende mahali fulani, ionwe na watu fulani. Ukiipeleka kwingine, kwa mfano kwenye tangazo au kalenda, rudi ukaombe upya.

Usimletee karatasi atie sahihi au dole gumba. Wazee wetu wengi wamesikia habari za dole gumba lililopoteza shamba, na karatasi yako itafunga mlango uliokuwa unafunguka. Mwombe umrekodi kwa simu, kwa lugha anayoitumia nyumbani, aseme mwenyewe anakubali nini na anakataa nini. Nakala ya sauti hiyo mwachie.

Kwenye mizigo, yale mabanda ya chumba kimoja kimoja yenye ua mmoja, kauli ya mwenye nyumba haitoshi. Ukuta ni wake, lakini maisha yaliyo nyuma ya pazia ni ya mpangaji. Ibara ya 27 ya Katiba inalinda faragha ya makazi ya mtu, na haiulizi kama amenunua au amepanga. Bisha kila mlango utakaoonekana. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 nayo inataka ridhaa ya mtu kabla ya kuchukua taarifa zake binafsi, na kwa mtoto ridhaa ya mzazi au mlezi. Picha inayomtambulisha mtu imo humo. Akipinga katikati ya kazi, shusha kamera.

Kabla ya kupiga, tazama kilichomo: kufuli na komeo, namba ya gari, nguo kwenye kamba, picha za familia ukutani, mtoto mwenye sare inayotaja shule yake. Sogea, au omba kitu kiondolewe. Zima pia huduma ya mahali kwenye kamera ya simu, kwa sababu faili hubeba alama za nyumba ilipo. WhatsApp huziondoa ukituma kama picha ya kawaida, lakini ukituma kama hati zinabaki.

Ukishamaliza, safisha nakala moja ya karatasi umpelekee. Akisema iondolewe, ifute kwenye ukurasa, kwenye simu na kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha wapigie wote uliowatumia. Ile ya Jinja niliifuta siku niliyoyaona maandishi. Nilikwenda kumwomba radhi yule mama, akanisikiliza akiwa amesimama ndani ya geti. Hakulifungua, nami sikuomba picha nyingine.